Sikubeba Sukari

Mama, shikamoo. Najua huitiki tena, ila mdomo wangu haujakubali kukupita bila salamu.

Nataka haya uyasikie kwangu kwanza. Hapa Temeke nimekuwa gumzo. Wanasema nina roho mbaya, nimegeuka mchoyo tangu uondoke, na kwamba nimekuaibisha kwenye arobaini yako. Waache waseme. Kosa langu ni kwamba siku ile nilipika chai bila kutia sukari birikani. Sukari niliiweka pembeni kwenye bakuli, na kijiko kidogo, anayetaka ajitilie.

Mama Mkubwa, dada yako, alionja funda moja, akaweka kikombe chini, akasema mbele za watu, "Unamzika mdogo wangu mara ya pili." Nikamjibu kwa adabu, "Hapana, Mama Mkubwa. Nakataa kumzika mwingine." Tangu hapo tukawa hatusemeshani.

Wewe unajua tulikotoka. Chai yako ilikuwa na sifa mtaa mzima. Sukari iliingia hata maji hayajachemka, na aliyeingia mlangoni hakuulizwa. "Mgeni haulizwi sukari, anatiliwa," ulikuwa ukisema, na mkono wako haukupima.

Kisha ukaanza kucheka umeziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nilidhani ni haya za utu uzima tu. Kumbe meno ya mbele yanacheza, fizi zinatoka damu, na jino likiuma unabana karafuu, unaendelea na shughuli zako. Hata mahindi ya kuchoma ukayaacha, wewe uliyeyapenda kuliko nyama. Daktari aliyekung'oa jino ndiye aliyeshangaa kidonda hakikauki, akatutuma tukapime damu. Tulikwenda kwa ajili ya jino, tukarudi na kisukari.

Alitueleza taratibu kabisa. Sukari inayoshinda mdomoni inalisha vijidudu, navyo vinatoa asidi ya kutoboa meno. Ikizidi kwenye damu, fizi haziponi, na fizi zikiwa mbovu sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Ukawa unatikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Tulipotoka tu getini ukaniomba soda, eti ya kuondoa uchungu wa dawa. Nilicheka, Mama. Hadi leo nikikumbuka nacheka, halafu nakaa chini nalia.

Ukaja ule mguu. Kidonda cha kidole kikagoma kufunga, ukalala, watu wakaja kukuona. Karibu kila aliyekuja alibeba pakiti ya sukari. Simlaumu yeyote, maana kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na sukari ndiyo heshima yenyewe. Pakiti zikajipanga chini ya kitanda chako. Mgonjwa wa kisukari amelala juu ya sukari, na hakuna aliyeona ajabu. Tena wakitiliwa chai na wewe unatiliwa, na unakunywa, wasije wakadhani unawadharau. Walikupenda, Mama, na mapenzi yao yalikuwa yanakumaliza mbele ya macho yangu.

Sasa wananiambia niache, ilikuwa kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu siikatai, lakini kijiko tulishika sisi. Sitanyamaza ili nionekane mtoto mwema. Mjukuu wako Rehema simpi tena soda ya kunyamazishia. Kila usiku anapiga mswaki huku ananung'unika, na akimaliza namtazama mdomoni kwa tochi ya simu. Ameshatoboka magego mawili. Mengine siyatoi.

Wiki hii mtoto wa Mama Mkubwa amenipigia simu. Mama yake ameanguka, amepimwa, ana ugonjwa uleule wako. Sikungoja kuitwa. Nilikwenda Keko, nikapita katikati ya vitanda na makabati yanayopigwa vanishi kando ya barabara, mkononi nina samaki, mchicha na mswaki mpya. Majirani zake waliokaa barazani waliuchungulia mfuko wangu. Nilijua wanatafuta nini, nikaufungua wazi waone kwamba sukari haimo.

Nilimwamkia, akaitika kwa shida. Nikatazama chini ya kitanda chake. Pakiti zilezile, Mama, zimepangwa vilevile. Nikakuona wewe pale. Kisha hasira ikanipanda. Nikapiga magoti, nikaanza kuzitoa, moja baada ya nyingine, nikazipanga nje mlangoni, wale wa barazani wakiniangalia midomo wazi. Mmoja akauliza kama nina akili timamu. Nikavuta pakiti nyingine. Mama Mkubwa naye aligeukia ukutani, akanipa mgongo. Nikajua hapo ndipo ananifukuza, nikajiambia akinifukuza nitatoka, lakini sukari itatangulia.

Nilipoinuka kujipangusa magoti, akasema bila kugeuka:

"Umebakiza moja, huku upande wa kichwani."

Nikarudi chini nikaitoa. Kisha nikaingia jikoni kwake nikamchemshia chai ya mchaichai, na alipokinywa kile kikombe alikunja uso mpaka mwisho, ila alikimaliza.

Pumzika sasa, Mama yangu. Kesho naenda tena Keko, mfuko wazi, na wasemao waseme. Wewe walikuchukua nikitazama. Huyu simtoi.