Tembo Mahali pa Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Zimefika! Picha sita, kila moja imechapwa juu ya bamba la chuma, jembamba kama sinia, na zinang'aa hata kivulini. Mambo ya kale matupu: waandishi wa Sumeri na vibao vyao vya udongo, ujenzi wa piramidi, ukaushaji wa maiti ya mfalme wa Misri, wapiga upinde wa Kushi, tembo wa Hanibali kwenye theluji ya mlima, Roma inaungua. Miaka thelathini na moja nimefundisha historia kwa chaki na ramani iliyochanika. Sasa nimestaafu. Kuta nazo zifundishe.

Mke wangu yuko kwa binti yetu aliyejifungua. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Aliniachia agizo moja tu, mguu mmoja ukiwa tayari nje: akirudi aukute ukuta wake wa sebuleni kama alivyouacha. Ndipo ilipo picha ya harusi yetu.

Nimelitafakari agizo hilo. Kuongeza si kubadilisha.

Jumatano, 5 Machi

Fundi alikuja saa tatu. Nilimfundisha kidato cha pili; leo ana kipara kunishinda. Hajasahau kwamba nilimpa kumi na mbili kwa mia. Hataki kusahau.

Mabamba haya hayataki msumari. Unabandika sumaku ukutani kwa gundi, bamba linajishikilia lenyewe. Nikaanza kumweleza jinsi watu wa kale walivyoigundua sumaku. Akasema, shika ngazi, Mwalimu.

Tukabishana kidogo. Yeye alitaka kubwa ziende sebuleni na ndogo ukumbini. Nikamwambia historia haipangwi kama viatu! Ni kwa miaka, kuanzia mlango wa mbele, ukizunguka nyumba. Basi: mlangoni Sumeri na piramidi, penye meza ya chakula maiti, mlango wa jikoni Kushi, ukuta wa sebuleni tembo, ukumbini Roma.

Hapo pakawa na tatizo. Mahali pa tembo ndipo ilipo harusi. Na harusi yetu, kwa hesabu yoyote ile, ilikuja baada ya Roma. Baada ya Roma kumebaki kipande kimoja tu cha ukuta, kando ya mlango wa choo.

Nikaishusha picha mwenyewe, kwa heshima. Nyuma yake pana mwandiko wa mke wangu, wino wa bluu. Sikuusoma, fundi alikuwa juu ya ngazi anasubiri.

"Mwalimu, mama amekubali?"

Nikamwambia utaratibu umekubali.

"Haya," akasema. "Mimi na kumi na mbili zangu siwezi kubisha."

Jumapili, 9 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kuniangalia kama ninakula. Alipika, akapakua, tukaketi. Kijiko kikaishia njiani.

"Shemeji, huyo wanamtoa nini puani?"

"Ubongo. Unajua, kwa imani yao moyo ndio uliokuwa—"

Chakula chake nimekimalizia jioni.

Kabla ya kuondoka alikwenda chooni. Picha ya harusi akaikuta kando ya mlango. Akatoka amejifunika mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Akauliza kitu kimoja tu: dada anajua? Nikasema dada atafurahi. Akasema atakuja Jumamosi, hakosi, hata mvua inyeshe mawe.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu kapiga simu. Mtoto hajambo, mama hajambo. Kisha: "Na ukuta wangu?"

Nikasema umesimama wima.

"Mwalimu, mimi sikuuliza kama umeanguka."

Shemeji huyu!

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri mchana. Nimejaribu kila njia. Harusi ikirudi sebuleni, tembo wanahamia ukumbini, na Roma inaungulia chooni. Nikiitanguliza harusi mlangoni, itakuwa tulioana kabla ya Sumeri — ingawa magoti yangu yangetoa ushahidi. Nikitoa bamba moja, namtoa nani? Kushi hatoki. Kushi nimempigania darasani miaka yote.

Nikamwita fundi. Ana kazi mahali pengine. Akanishauri kwa simu: muombe radhi kabla hajavua viatu.

Jumamosi, 15 Machi

Amerudi. Shemeji ndiye aliyembebea begi. Hakuja kubeba begi.

Nilikuwa na hotuba. Sikuitoa, maana mke wangu hakugomba. Alisimama mlangoni, akakunja mikono, akasema: "Nifundishe."

Nikafundisha! Vibao vya udongo, mawe ya piramidi. Aliuliza maswali mazuri. Penye maiti akaniuliza kama huyu atakula nasi kila siku. Wapiga upinde wa Kushi aliwapenda. Penye tembo alitazama ukuta wake kwa muda. Nikapita haraka. Roma, nikataja mwaka. Akaendelea mwenyewe hadi mwisho wa ukumbi.

"Kwa hiyo Roma inaungua, ndipo tunakuja sisi."

"Kwa utaratibu wa miaka, mke wangu, ndiyo."

"Na baada yetu, choo."

Shemeji akakumbuka ana maji jikoni.

Mke wangu akaiangua picha, akaifuta kioo kwa upindo wa nguo yake, akarudi nayo sebuleni. Kwa mkono mmoja akawabandua tembo, jeshi zima, akawaegemeza kwenye kiti. Sumaku haina uaminifu. Kisha akaniuliza wamepita mlima huo lini.

"Mwaka mia mbili kumi na nane kabla ya Kristo."

"Vizuri. Na sisi?"

"Sisi?"

"Tarehe, mwezi na mwaka. Ukitaja zote tatu, tembo wako wanarudi ukutani. Ukikosa, wanahamia kule kwenye choo."

Mwaka ninao. Mwezi ninao. Tarehe — ishirini na moja? Ishirini na mbili? Ilikuwa Jumamosi, mvua ilinyesha, kiatu kilinibana. Imeandikwa nyuma ya picha, kwa wino wa bluu. Picha ameikumbatia kifuani, mgongo wa picha ukiwa upande wake.

Nimemwambia nakwenda chumbani kuleta miwani. Nimepekua kabati, shajara ya mwaka ule haipo. Huko nje wanacheka, wote wawili.

Anaita. Anasema miwani iko usoni.