Niliwaondoa Waliokuja Kuomba

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, goti limetulia, na yule paka wa jirani ameacha kula vifaranga vyako. Nikisema sisi huku hatujambo nitakuwa nakudanganya, na wewe hudanganyiki. Mjukuu wako anakula na kulala, na kila asubuhi ananiuliza baba anarudi lini. Mwanao yuko hai. Hilo nimeliandika mapema makusudi, ili mengine uyasikilize moyo ukiwa mahali pake.

Barua nimempa jirani yetu seremala, na najua atakayekusomea ni wifi yangu. Namwomba asiruke kitu, hata yale yanayomhusu yeye. Nasikia alipofika huko alikwambia kwamba siku mwanao alipofukiwa na mchanga, mimi niliwafukuza watu wa maombi kama mbuzi walioingia shambani. Hakusema uongo, niliwafukuza kweli. Ila hadithi ameianzia katikati.

Kazi ya mwanao unaijua. Wanachimba kisima, wanashusha pete za zege zishike kuta, wanachimba tena. Safari hii udongo wa juu ulikuwa mgumu, wakafurahi, wakasema pete watazishusha zote mwishoni. Huko chini wakakuta mchanga. Mchimbaji akikuta mchanga hapajawekwa pete, anapanda juu hapo hapo, na mwanao ndiye aliyenifundisha mimi hilo. Lakini chini palishaanza kulowana. Akamwambia mwenzake anayevuta ndoo juu kwa kapi, yule tunayemwita Kipara, kwamba atamalizia ndoo chache tu halafu apande. Ukuta ukaachia, ukamfunika mpaka kifuani.

Mimi nilikuwa kwa dobi, napiga pasi. Nilipoitwa nilikimbia na aproni yangu, na shati la mtu likaungua mezani. Mwenye shati hajasema neno mpaka leo, Mungu ambariki.

Nilimkuta Kipara amelala kifudifudi juu ya mbao kwenye mdomo wa kisima, anazungumza na mwanao taratibu. Alikuwa anamwambia asijitikise, apumue kidogo kidogo, kwa sababu kila alipojivuta mchanga ulishuka ukambana zaidi. Wachimbaji wenzao walikuwa wameanza shimo jingine pembeni ili wamfikie kwa chini. Mkono mmoja wa mwanao ulikuwa huru, akawa anagonga ndoo kwa jiwe wapate kujua wachimbe kuelekea wapi.

Ndipo watu wa maombi walipofika. Mama, mioyo yao ilikuwa mizuri, na sitaki mtu aseme nimewadharau. Lakini walikizunguka kisima, wakapanda juu ya udongo uliotoka kuchimbwa, wakaimba, wakapiga makofi na kuruka. Kila walipokanyaga, mchanga ulimwagika ndani. Kipara aliwasihi, nani amsikie? Wifi alikuwa mbele kabisa, na sauti yake wewe unaijua. Mwishowe mbao za Kipara zikaanza kuzama, ikabidi ajivute nyuma. Kabla ya kuondoka alimpigia mwanao kelele kwamba anakwenda kusaidia kule pembeni, aendelee kugonga.

Basi nikamwendea mchungaji, nikamwambia awachukue watu wake wavuke barabara, wakae chini na wanyamaze, maana wachimbaji hawasikii ndoo inagongwa wapi. Mama mmoja aliniambia usoni kwamba mwanamke anayefukuza maombi anautafuta ujane. Nikamjibu kwamba Mungu anasikia hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Wifi alijitupa chini, nikamshika mkono nikamtoa. Nilimvuta, sikumsukuma. Mchungaji alitazama ufa uliokuwa unapita kati ya miguu yake, akavua viatu, akaondoka wa kwanza, polepole, na wengine wakamfuata.

Pakawa kimya. Ndoo ikasikika vizuri, na koleo za kule pembeni zikaongeza mwendo. Halafu ikaanza kugongwa kwa nafasi. Halafu ikaacha. Kipara alitoa kichwa shimoni akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Alimwita mwanao, hakuitikiwa, akarudi chini wakaendelea kuchimba kwa kukisia.

Sasa Mama, nafika kwenye jambo nililoshindwa kukwambia kwa simu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na aliyeniona kwa mbali alidhani namwombea mume wangu apone. Sikuomba hivyo. Nilisema, Mungu, mimi nimefika mwisho. Huyu ni wako. Ukimrudisha, ukimchukua, mimi simshiki tena. Na nilipokwisha kusema nikatulia. Naona aibu kuliandika hili. Mwanao yuko chini ya ardhi, mimi nimetulia, sina chozi, nasikia koleo, nasikia mpaka njaa. Sijawahi kuwa karibu na Mungu vile, na sijawahi kujiogopa vile. Nilimtoa mwanao bila kukuuliza wewe uliyemzaa. Nisamehe.

Jua lilikuwa halijazama walipotoboa ukuta usawa wa paja lake. Kipara alipiga ukelele mmoja tu, nikajua anapumua.

Hapa hospitali amenieleza upande wake. Masikio yalikuwa yamejaa mchanga na nyimbo zilikuwa kubwa, hivyo maneno ya mwisho ya Kipara hakuyasikia. Nyimbo zilipokatika ghafla, alijua tumemhesabu maiti na tumeondoka. Akakasirika. Anasema alizidi kugonga kwa hasira, na kila pigo lilikuwa langu mimi. Alipochoka akaliweka jiwe chini, akamwambia Mungu kwamba sasa wamebaki wawili, akafumba macho, akapumua kwa kooni tu. Daktari anasema hapo ndipo alipopona, maana angeendelea kuhangaika kifua kingeshindwa.

Habari hii anawasimulia wagonjwa wote wa wodini, na wanamsifu Mungu pamoja naye. Lakini akifika pale watu walipomwacha, anageukia ukutani. Jana ameniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa pale pale. Hajauliza nani aliwaondoa watu, na Kipara amenifichia siri kwa heshima. Nitamwambia mwenyewe, ila nataka uwe umekaa kitandani pake siku hiyo.

Kwa hiyo njoo, Mama. Mbavu zinaunga, miguu bado. Akichomwa sindano unyayoni hasikii, na daktari akiulizwa anasema tusubiri. Watu wanaokuja kumwona wananiambia mimi mwanamke wa imani, ningoje tu, Mungu aliyemtoa shimoni hashindwi na miguu. Naitikia. Lakini kila nikifika mlango wa wodi najaribu kuyasema tena yale maneno ya siku ile, na hayatoki. Siku ile niliyasema kwa sababu sikuwa na kitu mkononi. Sasa ninaye, ana joto, ananiangalia, na nimemshika kwa mikono yote miwili. Nikiambiwa nimwachie Mungu hata miguu tu, siwezi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi msalimie wa kwanza, nampenda pamoja na sauti yake. Mjukuu wako anakushika miguu. Ukipanda basi kaa upande usio na jua, na mzigo usibebe, vyote vipo huku.

Ni mimi mkwe wako,
Mama wa mjukuu wako