Mwasumini wa Mamangu

Jumapili, 6 Oktoba
Nimefagia ua kabla ya chai. Udongo wang'aa kama sahani. Mji wa Kale wote hakuna ua kama wangu, na mimi nyua nimeziona mpaka Karachi. Majani nimeyachoma pembeni. Kisha nikautifua udongo kwa jembe shinani pa mwasumini, kama kila Jumapili. Mti wa mamangu huu. Maua: hakuna.

Jumatano, 9 Oktoba
Harusi ya mwanangu Swafiya ni baada ya Ramadhani. Nimeshajigamba barazani kwamba asumini ya vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake harusini, itatoka uani kwangu, kama ilivyotoka kwa harusi ya mamake. Domo hili. Mti umegeuka manjano. Nimemwaga ndoo nzima shinani, maji yakatambaa kama juu ya saruji, yakatoka mlangoni. Salimu muuza kahawa kaniuliza, "Nahodha, wanyweshea mti ama waniosha miguu?" Huniita Nahodha. Nilikuwa mpishi tu melini. Sijawahi kumsahihisha.
Nilicheka. Moyoni sikucheka.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mwende, mpangaji wangu wa juu, karani bandarini Kilindini, kwao Machakos. Kashuka leo, kachukua bonge la udongo shinani na jingine nyuma ya tangi la maji, nisipofagia kwa kuwa wageni hawafiki. Kila moja kalitia katika gilasi ya maji. La shinani likayeyuka, likawa uji. La nyuma ya tangi likakaa zima, jeusi, lina vitundu na vijizizi. Asema majani yakioza ndiyo gundi ya udongo, na vile vitundu ndivyo njia ya maji. Jembe huvivunja. Kwao waliliacha, wakafunika shamba kwa mabua.
"Mzee, kaboni yote waipeleka angani na moshi."
Nikamjibu kaboni naijua, nimepikia makaa. Uongo. Nimeudhika. Shule niliiacha darasa la sita, walimu wakapumua.

Jumamosi, 12 Oktoba
Sikufagia. Mkono wawasha. Nimetandaza majani na makumbi ya madafu shinani kote. Dadangu Mwanakombo, mfunga vikuba wa ukoo, kaja, kasimama mlangoni.
"Kuna mgonjwa humu?"
Ua usiofagiwa kwetu ni aibu. Kaushika ufagio, nikamnyang'anya. Mtu mzima mimi, nimeficha ufagio chini ya kitanda.

Jumatano, 13 Novemba
Mvua kubwa. Nilisimama mlangoni na gunia, tayari kuyazuia maji. Hayakuja. Yamezama uani.
Lakini mti wazidi kupukutika. Naogopa. Mwanakombo asema nimeuua mti wa mama kwa takataka. Barazani sijakwenda. Nimewaza kununua asumini sokoni kimyakimya, niseme ni yangu. Sina haya.

Jumamosi, 15 Februari
Jua la kukaanga samaki. Nimefunua makumbi: chini baridi, nyungunyungu wanene. Udongo wamong'onyoka kama mkate wa mayai. Nikatia bonge ndani ya gilasi. Likasimama zima. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.
Mwende asema nisijitape, kaboni hurudi polepole, weusi ule wa nyuma ya tangi ni kazi ya miaka. Sawa. Mti una machipukizi. Sijamwambia mtu. Mimi, kunyamaza! Hata Salimu kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 24 Aprili
Jana ilikuwa harusi. Alasiri Mwanakombo alichuma vitumba mtini vikiwa bado vimefumba. Havikutosha harusi nzima, vingine tulinunua, na hilo nimelisema barazani mbele za watu, kwa mdomo wangu. Vilitosha kikuba cha Swafiya. Alipopita karibu yangu nilisikia harufu ya mamangu, ikabidi nijifanye nina mafua.
Leo nyumba kimya. Mwende kaenda kazini. Mwanakombo kapitia kuchukua sinia zake. Ufagio hakuuliza. Akitoka aliokota jani kavu kizingitini, akaligeuza, akarudi nalo mpaka uani, akaliweka shinani.