Birika la Mama

Ilford, Jumapili

Mdogo wangu Miska,

Nakusalimu sana, na Mama nibusie mkono. Huku baridi imepungua, na mwanangu Ziyad bado namsemesha Kiswahili ananijibu Kizungu.

Shemeji yako Msabaha tangu astaafu ameingia klabu ya shabaha. Leseni anayo, usihofu. Risasi zake anaziunda mwenyewe kibandani uani, anayeyusha madini ya risasi na kumimina kwenye kalibu kama mimi na vitumbua vyangu. Anataka zile zenye tundu kichwani, lakini zilikuwa zikitoka zimekunjamana kama uso wa shangazi Zainab. Akaniambia, "Bi Haifa, hapa pataka bati kidogo, ndipo kalibu ijae vizuri." Basi akawa anapita jikoni, anagonga vyombo vyangu kwa ukucha na kutega sikio.

Umeniuliza kama nitakuja na lile birika la bati alilonitunza Mama, awamiminie nalo kahawa wageni wa harusi yako. Miska, lile birika sasa ni risasi. Tena zimetoka nzuri, wallahi, zinang'aa. Mama usimwambie.

Jana kashinda nazo mashindano, kapewa kikombe kikubwa cha bati chenye mikono miwili. Nikashusha pumzi: nitamletea Mama hicho, nimwambie mabirika ya huku hayana midomo. Lakini leo asubuhi nimemkuta Msabaha kakipakata, anakigonga kwa ukucha, katega sikio.

Usiku huu kitalala chini ya mto wangu.

Dada yako mlinzi,
Haifa