Nilisikia Koga

Uvira, Kimanga

Yaya wangu Félicité,

Pokea salamu za mudogo wako. Huko Kigoma munaendelea namna gani? Ile presha yako imetulia? Huku minye niko, ninapumua tu. Magoti yananisumbua, na mgongo umechoka na minye.

Nikuchekeshe kidogo. Jirani yangu Mwavita aliniambia kuna binti anaitwa Eliane, ameleta yoga ya bamama wazee kule Nyamianda. Minye nikasikia koga. Nikawaza, ee Mungu, kumbe wametuona tunanuka! Nikafika na karai, taulo na sabuni. Wala sikuwa peke yangu, wengine walikuja na ndoo. Eliane alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akatueleza kwamba ni mazoezi ya kunyoosha viungo na kutuliza kichwa.

Basi tunanyoosha mikono, tunapumua polepole. Magoti yamelegea kidogo, siku hizi ninainama kufua bila kupiga kelele. Shida ni mwisho. Eliane anatwambia tulale chali, tufumbe macho. Wenzangu wanalala, minye nilikuwa ninabaki nimekaa, ninaangalia mlango. Akaniuliza kama ni mgongo, nikamwambia ndiyo.

Yaya, haikuwa mgongo. Kila mara weye unaniita nije Kigoma, nami ninakujibu habari ya mihogo, habari ya nyumba. Ukweli ni Délice. Tangu siku ile tulipokimbia mabomu, binti yangu akanipotea katika watu kule mpakani, sijalala kitandani. Ninasinzia kwenye kiti, mlango uko mbele yangu, nisije nikakosa kumusikia akibisha. Nimechoka, Yaya. Nimechoka vibaya.

Juzi kule mazoezini Mwavita aliniona nimekaa vile. Alibeba mkeka wake, akaenda kukaa mlangoni, akaniambia nilale, yeye ataangalia. Nikalala kweli. Nilipoamka wenzetu walikuwa wamekwisha kwenda, yeye bado amekaa palepale. Na katika usingizi ule nilikuwa nimemusahau Délice kabisa. Nililia sana, kwa sababu usingizi ulikuwa mtamu.

Basi nitakuja. Ufunguo ninamwachia Mwavita, na kiti pia. Amekubali kulala kwangu mpaka mtoto arudi.

Unisalimie shemeji Cyprien na watoto wote. Nikifika usiniulize habari za njiani. Weye kaa tu mlangoni, nilale.

Ni minye mudogo wako,
Agathe