Ruvuma Hataki Kula

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Mbwa amefika! Jirani yangu Masele kamleta ndani ya kapu, amefunikwa majani ya viazi. Dume, umri wiki sita, rangi ya mchanga wa mtoni. Mama yake aliumwa na nyoka wiki iliyopita. Ndugu zake wamekufa kwa njaa, kabaki huyu. Tangu mke wangu Klara afariki, nyumba hii haina pumzi nyingine ila yangu. Nimempa jina Ruvuma — mto wa kwetu, ambao sijauona tangu nilipokuja Geita kuwa karani wa stoo mgodini. Miaka kumi na saba.

Masele anasema nitafune tonge la ugali wa mtama, nimtemee kiganjani, ale. Eti ndivyo babu yake alivyomlisha kila mbwa mchanga. “Mbwa hakujui kwa jina, Karani. Anakujua kwa mate.”

Nimecheka. Mzee mzima, msomaji wa magazeti, nimtafunie mbwa! Ninacho kitabu cha Kiingereza cha kulea mbwa, alichoniachia mhandisi mmoja alipostaafu. Tutafuata kitabu.

Jumanne, 4 Agosti

Ukurasa wa arobaini na moja: maziwa ya kopo, vuguvugu. Kayanusa, kageuka. Ukurasa wa arobaini na tatu: mchuzi wa ng'ombe usio na chumvi. Kaunywa, kautapika juu ya kiatu changu. Mbavu zake nazihesabu kwa macho.

Jumatano, 5 Agosti

Mbuke, mke wa Masele, kapita akielekea kisimani. Kachungulia mlangoni.

“Shikamoo, Karani.”

“Marahaba, mama.”

“Huyo mtoto unamlisha kitabu?”

Kaenda zake akicheka peke yake njia nzima. Lakini jioni karudi na kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Ruvuma kalamba kidogo. Kidogo tu — lakini kalamba!

Alhamisi, 6 Agosti

Hali mbaya. Tumbo limevimba, limekaza kama ngoma. Halii, anahema tu. Kitabu hakina neno juu ya jambo hili.

Mbuke alipokuja kumwangalia nilimwambia maziwa yake yalikuwa yameharibika. Nilisema zaidi ya hapo. Nilisema mtu asiyeosha kibuyu asimlishe mnyama wa mwenzake. Kajifunga kanga yake vizuri, kaondoka. Kibuyu kakiacha.

Ijumaa, 7 Agosti, asubuhi

Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!

Nilipokuwa nafagia nimeona kona ya gunia la michembe imetafunwa. Viazi vile vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, vikavu kama vibao — Mbuke ndiye aliyenikatia, wiki tatu zilizopita. Wao huviweka juu darini. Mimi niliweka gunia chini, karibu na mtungi wa maji. Kala vikavu, kisha kanywa maji, vikaumuka tumboni. Hapa hata mtoto wa miaka minne hukatazwa kunywa maji akishatafuna michembe mikavu. Miaka kumi na saba nakaa na watu hawa, na hilo nililisikia mara ngapi!

Masele kaja nilipomwita. Hakunilaumu. Kasema nisimpe chochote, nimkande kwa kitambaa cha moto, nimtembeze.

Ijumaa hiyo hiyo, saa nane mchana

Kafungua choo! Kingi, na kingine juu ya kitabu cha mhandisi, kilichokuwa sakafuni. Sijapata kufurahia uchafu namna hii. Tumbo limelegea. Katikisa mkia. Deo gratias, Mungu ashukuriwe! Nimekaa kizingitini nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Jumamosi, 8 Agosti

Yu mzima lakini hataki kula. Maziwa ya kopo, hapana. Mchuzi, hapana. Maziwa ya mbuzi sina, na sina uso wa kwenda kuyaomba. Kibuyu nimekiosha mara mbili. Kilikuwa safi tangu mwanzo.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani nilimwona Mbuke upande wa wanawake. Sikumfuata.

Nimerudi, nimesonga ugali wa mtama. Nimefunga mlango. Nimefunga na dirisha. Nimeweka tonge kinywani, nikatafuna taratibu, nikatema kiganjani, nikiona haya mbele ya picha ya Klara ukutani. Ruvuma kanusa kiganja. Kaninusa ndevu. Kisha kala! Kalamba mpaka katikati ya vidole. La pili, kala. La tatu pia. Sasa amekaa juu ya mguu wangu, ananitazama mdomoni, hakitazami chungu. Naandika kwa mkono mmoja, tonge la nne nalitafuna. Tumbo lake la mviringo, laini. Atapona huyu. Naam, atapona!

Hodi — nani? Ni sauti ya Mbuke. “Hodi, Karani! Nimefuata kibuyu changu.”

Kinywa kimejaa. Nikimeza, Ruvuma atakosa tonge lake. Nikilitema, ataanza kula mbele ya macho ya Mbuke. Na neno ninalodaiwa kumwambia halisemeki kwa mdomo uliojaa ugali.

“Karani! Najua umo, moshi unatoka!”

Ruvuma kainuka, anabweka — mara ya kwanza! Kumbe ana sauti. Huko nje Mbuke anacheka. Anausukuma mlango —