Kisanduku cha "Kurudi Kazini"

Alhamisi

Lile dodoso la utafiti tunalowajazia wagonjwa wa mazoezi ya viungo linanikera hata sasa nikiwa nyumbani. Swali la mwisho linamuuliza mgonjwa lengo lake baada ya mazoezi, halafu linampa majibu matatu tu: kutembea, kujihudumia, kurudi kazini.

Leo zamu ilikuwa ya Baba Kulwa, mchimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa aliyevunjika nyonga duara, shimo lao la kuchimbia, lilipobomoka. Wiki tatu sasa namfundisha kusimama na magongo, na hajawahi kulalamika.

"Lengo lako ni nini, Baba Kulwa?"

"Kushuka tena duarani, daktari. Mdogo wangu bado yumo. Walisema hatolewi tena, wakafukia shimo. Mama yetu amekataa kuanua matanga mpaka amwone."

Nikavipitia visanduku vitatu kwa kalamu; hakuna kilichotaja hilo. Msimamizi wa utafiti alishatukataza kuandika pembeni mwa fomu, eti kompyuta haisomi. Nikaweka tiki kwenye "kurudi kazini".

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Asante, daktari. Basi kesho unifundishe kushuka ngazi."

Nikaitikia. Sijui kesho nitamshika mkono nikimtazama vipi.